Samli ya dawa ya Ayurveda kwa tumbo lenye gesi: niendelee kuinywa au nisimame?

MkaziWaHosteli (mwanzisha mada)

Salaam wanajukwaa. Ninasoma hapa Pune, India, mwaka wa pili, na kwa muda wa miezi minne sasa tumbo langu linajaa gesi baada ya kila mlo, hata mlo wenyewe uwe mdogo kiasi gani. Choo huwa kigumu kwa siku mbili kisha kinalegea siku ya tatu, kiungulia huja na kuondoka, na jioni hulazimika kulegeza mkanda kama mtu aliyetoka karamuni, ilhali nimekula chapati moja na dengu. Daktari wa zahanati alinipima damu na choo, hakuona la kutisha, akanipa vidonge vya kupunguza asidi ambavyo vimetuliza kiungulia lakini havikugusa gesi.

Wiki iliyopita mwenzangu wa chumbani alinipeleka kwa vaidya, yaani tabibu wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India. Mzee huyo alinishika mshipa wa mkono, akanitazama ulimi, akaniuliza kuhusu njaa yangu kuliko alivyoniuliza kuhusu maumivu, kisha akaniandikia samli ya dawa iitwayo Dadimadi Ghrita, kijiko kimoja cha chai mara mbili kwa siku, kabla ya kula, pamoja na maji ya moto kiasi. Chupa ya mililita 200 nimeinunua kwa rupia 410. Ndani yake mna samli ya rangi ya kahawia iliyoganda chembechembe, inanukia giligilani na tangawizi, ina uchachu kidogo ulimini na ukali unaobaki kooni.

Sasa nakiri kosa langu. Vipindi vyangu huanza saa mbili asubuhi, kwa hiyo dozi zote mbili nimekuwa nikizinywa usiku kwa mpigo mmoja, baada ya chakula, tena nateremshia maji ya friji kwa sababu samli ikiwa vuguvugu inanitia kichefuchefu. Leo ni siku ya nne. Hamu ya kula imetoweka, ulimi una utando mweupe mzito, na tangu asubuhi mpaka saa hizi kila mbeuo una ladha ya samli ya jana. Mwenzangu anasema hizo ni taka zinatoka mwilini na nisikate tamaa.

Ninaomba kuelezwa mambo matatu. Samli hii inatofautianaje na samli ya kawaida ya jikoni? Hali niliyo nayo ni dalili ya kupona au ya kudhurika? Na je, nikichanganya na asali ili kuficha ladha kuna ubaya? Naomba kuwasilisha.

TabibuMwanafunziWaZamani

Dada, acha kunywa samli hiyo leo hii, kisha usome maelezo haya ukiwa umetulia, kwa sababu hakuna jambo la hatari ulilolieleza lakini kuna jambo la kurekebishwa.

Nianze na swali la pili, kwa kuwa ndilo linalokukera. Katika Ayurveda tumbo hutazamwa kama jiko, na moto wake huitwa agni. Vitabu hutaja hali nne za moto huo: ulio sawa, ulio mkali kupita kiasi, uliofifia, na ule usiotabirika, ambao leo unameng'enya vizuri na kesho unakataa. Maelezo yako ya choo kigumu siku mbili na chepesi siku ya tatu, pamoja na gesi, yanafanana sana na aina hii ya mwisho, na nadhani ndiyo maana vaidya wako alichagua samli, kwa kuwa ndiyo inayopendekezwa zaidi pale moto unapoyumba. Hata hivyo, samli hupewa mtu mwenye njaa. Umewahi kuona ibada ya moto ya Kihindu? Kijiko kidogo cha samli kikimwagwa juu ya mwali, mwali unapanda. Ukimwaga upawa mzima juu ya makaa yenye majivu, unapata moshi. Wewe umemwaga vijiko viwili juu ya chakula cha usiku ambacho tumbo lilikuwa bado linakihangaikia, kisha ukaongeza maji baridi.

Utando mweupe ulimini, kukosa njaa, mwili mzito na mbeuo wenye ladha ya kilicholiwa jana ndizo alama ambazo mwalimu yeyote wa Ayurveda angezitaja kama dalili za hali iitwayo “ama” kwa Kisanskriti, maana yake chakula kilichobaki bila kumeng'enywa sawasawa. Mgonjwa mwenye alama hizo hapewi samli mpaka ziondoke. Kwa hiyo kauli ya kwamba taka zinatoka haina msingi hata ndani ya elimu yenyewe ya Ayurveda, na sijui ni nani aliyeieneza, maana siku hizi kila anayeumwa baada ya kunywa dawa ya mitishamba huambiwa hivyo hivyo. Aliyemeng'enya samli yake vizuri hujulikana kwa mbeuo safi usio na ladha yoyote, wepesi wa mwili, na njaa inayorudi kwa saa yake.

Kuhusu tofauti na samli ya jikoni, jibu limo sufuriani mwa mpishi wa dawa. Dadimadi imo katika Ashtanga Hridaya, kitabu cha Vagbhata, tabibu wa kale wa India, na vipimo vyake ni mafungu 4 ya komamanga, 2 ya giligilani, 1 la mzizi mkali wa mmea uitwao chitraka, 1 la tangawizi na nusu fungu la pilipili ndefu, vyote vikasagwa kuwa rojo na kupikwa katika mafungu 20 ya samli pamoja na maji mengi. Kanuni ya jumla ya samli za dawa, kwa mapishi yasiyotaja vipimo vyake, ni fungu 1 la rojo, mafungu 4 ya samli na mafungu 16 ya kimiminika, ambacho chaweza kuwa maji, maziwa au maji yaliyochemshiwa mitishamba. Kimiminika chote hicho lazima kiishe, kwa sababu samli iliyobaki na maji huvunda.

Nilipokuwa nikisoma Jamnagar, katika jimbo la Gujarat, tulipewa zamu katika chumba cha kupikia dawa, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini vitabu vinakataza kazi hii kumalizwa kwa siku moja. Moto ni mdogo, mwiko haukomi kukwangua chini ya sufuria, kwa sababu rojo huzama, hushika na kuungua wakati juu bado pana maji. Siku ya mwisho mwalimu wetu alikuwa anachota rojo kwa ncha ya mwiko, analipuliza, kisha analisokota kati ya kidole gumba na cha shahada. Likinata vidoleni, bado. Likijisokota likawa utambi laini usioacha alama, anatupa kipande motoni na kutega sikio: kikitatarika kina maji, kikiwaka kimya kimeiva. Alama ya tatu ni povu, na hapo wengi wetu tulikosea katika mtihani, maana mafuta ya ufuta yakiiva hutoa povu, ilhali samli ikiiva povu lake hutulia. Ukizembea dakika chache tu rojo linakauka na kuwa gumu, na samli ya kiwango hicho hufaa kupakwa mwilini, haifai kunywewa.

Sababu ya kuchagua samli badala ya mafuta mengine imeelezwa katika Charaka Samhita, kitabu cha kale cha tabibu Charaka kinachotaja mafuta makuu manne, yaani samli, mafuta ya mbegu, shahamu ya wanyama na uboho, kisha kikaiweka samli mbele kwa hoja moja: hupokea sifa za kile kilichopikwa nacho bila kupoteza sifa zake yenyewe. Ndiyo maana zipo samli nyingi kwa kazi mbalimbali. Majani mabichi ya changeri, mmea mchachu ambao kila jani lake lina vijani vitatu vyenye umbo la moyo, hupikwa kuwa Changeri Ghrita kwa wenye kuharisha kwa muda mrefu. Kerala, jimbo la kusini mwa India, wanaipenda sana samli ya Indukanta kwa mtu aliyedhoofika na mwenye tumbo legevu. Na Shatpala, ambayo jina lake lina maana ya pala sita, pala ikiwa kipimo cha kale cha uzito, hukusanya viungo vikali kama pilipili ndefu na tangawizi, kila kimoja pala moja. Huwezi kubadilisha moja kwa nyingine kwa sababu tu zote ni za tumbo.

Kuhusu asali, unaweza kuitumia, lakini Charaka anakataza asali na samli kuchanganywa kwa uzito ulio sawa. Kwa maoni yangu usihangaike nayo. Yeyusha kijiko chako katika kikombe kidogo cha maji ya moto ukanywe kwa mkupuo. Kichefuchefu unachokisema kinatokana na samli iliyoganda kupita kooni nusunusu.

Kula vyakula vyepesi, kunywa maji ya moto, subiri ulimi uwe safi na njaa irudi, kisha rudi kwa vaidya wako umweleze ukweli wote kama ulivyotueleza sisi, pamoja na yale maji ya friji.

NipoBengaluru

Nakubaliana na mchangiaji aliyetangulia, ila naomba kuongeza kisa changu kwa ufupi kwa sababu neno gesi limenifunika macho kwa muda mrefu. Mwaka juzi nilikuwa na tumbo la kujaa kama hili, nikashauriwa na jirani ninunue samli ya dawa bila kuonana na tabibu wa aina yoyote. Kila nilipokunywa, baada ya kama saa moja hivi nilipata maumivu chini ya mbavu za kulia, yakipanda mpaka kwenye bega, na mimi nikiyaita gesi. Nilivumilia wiki sita. Siku niliyotapika hadi nikashindwa kusimama nilipelekwa kupigwa picha ya mawimbi ya sauti, ikaonekana kwamba kibofu cha nyongo kimejaa mawe. Daktari alinieleza kwamba mafuta yakifika kwenye utumbo mwembamba hukifanya kibofu hicho kijibane ili kutoa nyongo, na penye mawe kujibana huko ndiko kunakoleta maumivu. Samli haikuniletea mawe, lakini kila kijiko kilikuwa kinayachokoza. Dada, kama maumivu yako yana mahali maalumu panapouma, usikubali kuitwa mwenye gesi kabla ya kupigwa picha.

MfamasiaMumbai

Ninafanya kazi katika duka la dawa linalouza dawa za hospitali na za Ayurveda kwa pamoja, kwa hiyo nitazungumza kuhusu chupa yenyewe na kuhusu yale yanayodaiwa juu yake.

Utasoma mtandaoni kwamba samli inaponya utumbo kwa sababu ina asidi ya butiriki, na kwamba seli za utumbo mpana hutumia asidi hiyo kama chakula chao kikuu. Nusu zote mbili za sentensi hiyo ni kweli, lakini hazikutani. Mafuta ya maziwa yana asidi hiyo kwa kiasi cha asilimia 3 hadi 4, nayo humeng'enywa na kufyonzwa mapema, kabla ya kufika utumbo mpana. Asidi inayozilisha seli hizo hutengenezwa papo hapo na bakteria wanaochachusha nyuzinyuzi za vyakula kama dengu, mboga na nafaka zisizokobolewa. Faida ya samli ambayo naiona kwa wateja wangu ni nyepesi kuliko hiyo: mafuta kidogo kabla ya mlo huwalainishia choo wale wenye choo kikavu, na viungo kama tangawizi hupunguza kichefuchefu. Kwa upande mwingine, mafuta huchelewesha chakula kutoka tumboni, kwa hiyo mwenye kiungulia kinachopanda usiku anaweza kuzidiwa, hasa akinywa na kulala kama alivyofanya mwuliza swali. Utafiti uliopo juu ya samli za dawa ni wa maabara, wa wanyama na wa makundi madogo ya wagonjwa, basi yeyote anayekuahidi kupona kabisa anasema zaidi ya anachokijua.

Juu ya usalama, tazama lebo. Dawa za Ayurveda hapa India zinasimamiwa chini ya sheria ya dawa na vipodozi ya mwaka 1940, ambayo iliongezewa sura yake maalumu juu ya dawa hizi mwaka 1964, na chupa halali inapaswa kuonyesha kwamba ni dawa ya Ayurveda, namba ya leseni ya mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na orodha ya viungo. Chupa isiyo na namba ya leseni, hata ukiambiwa imepikwa nyumbani na bibi wa miaka 90 kwa samli ya ng'ombe wa asili, iache. Sisemi hivi kwa kuwatetea wafanyabiashara. Mwaka 2004 jarida la tiba la JAMA lilichapisha uchunguzi wa bidhaa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa madukani katika eneo la Boston, Marekani, na 14 kati yake zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Uchunguzi wa mwaka 2008 wa bidhaa 193 zilizouzwa kwa intaneti ulipata kiasi kinachokaribia hicho, asilimia 20.7. Hatari kubwa zaidi ilikuwa kwenye dawa zinazowekewa metali kwa makusudi, ambazo ni jamii tofauti na samli za mitishamba, lakini mnunuzi wa kawaida hawezi kutofautisha kwa macho.

Kuna mambo mengine matatu ambayo mimi huuliza kabla ya kumpa mtu chupa. La kwanza ni dawa nyingine anazotumia, kwa sababu pilipili ndefu ina piperini, na piperini huongeza kiasi cha baadhi ya dawa kinachoingia kwenye damu, ikiwemo fenitoini ya kifafa. La pili ni ujauzito, kwa kuwa mzizi wa chitraka ni mkali na hata waganga wenyewe huusafisha kwa maji ya chokaa kabla ya kuutumia. La tatu ni ini, hasa kwa samli zenye guduchi, mmea ambao wengi hapa wanauita giloy. Wakati wa janga la Covid watu walikuwa wanaunywa kila asubuhi kama chai, na mwaka 2021 madaktari wa Mumbai walichapisha taarifa ya wagonjwa sita walioumia ini baada ya kuutumia. Wizara ya AYUSH, ile ya serikali ya India inayosimamia tiba za jadi, ilipinga kuuhusisha mmea huo na madhara yale, na mjadala ukawa mkali, lakini mimi mtu mwenye historia ya ugonjwa wa ini simuuzii bila barua ya daktari. Dadimadi haina guduchi, nimeitaja kwa sababu mada hii itasomwa na wengine.

Kijiko kimoja cha chai ni gramu 5 hivi za mafuta, na zaidi ya nusu yake ni mafuta yale yanayoganda. Kwa msichana wa chuo si tatizo. Kwa mwenye lehemu nyingi kwenye damu anayeambiwa anywe kwa miezi mitatu, ni jambo la kuhesabiwa pamoja na chakula chake kingine.

Na dalili hizi zisisubiri samli wala kidonge cha aina yoyote: damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, kupungua uzito bila sababu, kumeza kwa shida, kutapika mara kwa mara, na upungufu wa damu.

MkaziWaHosteli (mwanzisha mada)

Ninawashukuru nyote. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nije na matokeo badala ya shukrani tupu. Nilisimamisha samli siku ile ile, na siku ya tatu ulimi ulikuwa umesafika. Nilirudi kwa vaidya nikamweleza kila kitu. Alicheka aliposikia habari ya friji, kisha akaninyima dawa kwa siku tano zaidi, akaniambia nianze na nusu kijiko mara moja tu, saa kumi na mbili na nusu jioni, wakati ambao mwenyewe nilimwambia ndipo ninapohisi njaa ya kweli. Kwa ushauri wa kaka wa Bengaluru nilimwomba daktari wa zahanati picha ya tumbo, na kibofu cha nyongo hakina mawe.

Leo ni siku ya kumi na moja tangu nianze upya. Choo kimetulia, hilo nalisema bila shaka. Gesi imepungua lakini haijaisha, na sijui nimshukuru nani, maana katika siku hizo hizo nimeacha pia kula saa nne usiku. Mbeuo hauna ladha tena. Ila asubuhi hizi za Desemba Pune ina baridi, na samli imeganda ikawa kama jiwe. Nimekuwa nikiweka chupa nzima juu ya jiko la umeme ili iyeyuke. Je, ni sahihi?

TabibuMwanafunziWaZamani

Si sahihi, dada. Ukiipasha chupa nzima kila siku utaibadilisha harufu na kuiharibu kabla hujafika nusu yake, na chupa yenyewe inaweza kupasuka. Chota nusu kijiko chako ikiwa imeganda hivyo hivyo, kiweke kwenye kikombe, mimina maji ya moto juu yake na usubiri iyeyuke. Ikiwa hata kuchota kunashindikana, simamisha chupa ndani ya bakuli la maji ya moto kwa dakika kumi, kifuniko kikiwa kimefungwa. Na kijiko unachochotea kiwe kikavu kabisa, kwa sababu tone moja la maji litarudisha ndani ya chupa kile ambacho mpishi alikesha akikitoa.